Kiti cha Dereva

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza, na mimi nimeanza udereva. Kama ningeulizwa, ningechagua msimu mwingine.

Asubuhi meneja alitukusanya, akasema ofisi yetu ya uwakala wa bima inataka karani wa nje, mtu wa kuwafuata wateja waliko badala ya kuwasubiri kaunta. Anayetaka nafasi hiyo awe na leseni, gari, na bima ya gari hilo kwa jina lake kabla mwezi wa Mei haujaisha. Mshahara unapanda, lakini si hilo lililonifanya ninyanyue mkono. Karani wa nje hakai kaunta. Tangu niajiriwe nimekaa nyuma ya kile kioo nikitukanwa na watu ambao magari yao hayakugongwa na mimi, na kila mmoja wao akiinua sauti, mikono yangu hutafuta kitu cha kushika.

Gari lipo. Ni la baba, dogo, la bluu, hajaliendesha tangu macho yake yalipoanza kuona ukungu. Amesema nikipata leseni na nikalikatia bima mwenyewe, ni langu. Kaka yangu alikuwa mezani baba aliposema hivyo. Alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Kaka anaitwa Mlingoti mtaa mzima, kwa urefu wake. Ni dereva wa lori la kampuni ya mitungi ya gesi. Mimi ananiita Kifaranga tangu nikiwa mdogo, na bado naitika.

Jumamosi, 9 Machi

Somo la kwanza. Mwalimu ni mama wa makamo, mnene, mpole wa uso tu. Wanafunzi wanamwita Mama Breki, kwa sababu gari lake lina breki ya pili upande wake na haoni haya kuikanyaga. Nilimuuliza kama kuna mtu amewahi kufia garini mwake. Akasema hapana, wanazimia tu.

Nilizima injini kila tulipokaribia kuondoka. Mwishowe akaniambia, “Binti, unaendesha kama mtu anayeiomba barabara radhi. Haijakukasirikia. Nenda.”

Nikaenda. Hadi kwenye kona.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Nimezima injini katikati ya mzunguko. Lori la nyuma limepiga honi mpaka nimelia.

Alhamisi, 14 Machi

Nimepata ujasiri wa kumuuliza meneja bima ya mtu wa umri wangu ni kiasi gani. Alinipigia hesabu palepale, kama anavyowafanyia wateja. Kijana mwenye leseni mpya hulipishwa sana, kwa sababu vijana wenzangu wanagonga sana. Lakini kuna njia za kushusha: cheti cha shule ya udereva, gari lenye injini ndogo kama la baba, na kukubali kubeba mwenyewe sehemu ya kwanza ya hasara ikitokea. Alipomaliza, kiasi kilichobaki naweza kukilipa nikiacha kula mchana kazini. Nimeshazoea kutokula mchana siku za wateja wakali.

Akaongeza neno moja tu, bila kuinua macho: “Ilimradi jina lako libaki safi.”

Nimefurahi siku nzima. Jina langu halijawahi kuwa na kitu kingine.

Jumatatu, 18 Machi

Nitaandika polepole.

Jana jioni nilikuwa nyumbani napiga pasi. Kaka alichukua ufunguo wa gari bila kumwambia baba, akamrudisha mchumba wake kwao. Alirudi amelowa chapachapa, akaoga, akalala. Sikumuuliza kitu.

Leo asubuhi nilipofika sebuleni walikuwa wameshakaa wote watatu, na chai yangu imeshamiminwa. Mama hanimiminii chai. Nikajua kuna jambo.

Kaka alikuwa amerudi nyuma kwa rivasi mbele ya duka la dawa, akaangusha nguzo ya baraza, na nyuma ya gari imebonyea mpaka buti haifungi. Mvua ilikuwa kubwa, hapakuwa na aliyeona. Mwenye duka alipotoka kaka akamwambia dereva ni mdogo wake, anajifunza, amekimbilia nyumbani kwa hofu. Kisha akaipigia simu kampuni ya bima, ile ile ambayo sisi ofisini ni mawakala wake, akawaeleza vivyo hivyo na kuwatajia jina langu. Bima ya baba inamlinda mwanafunzi akiwa na mwenye leseni pembeni. Kaka alisema yeye ndiye aliyekuwa pembeni.

Yote hayo yalikuwa yameshafanyika. Hawakuniita kuniuliza, waliniita kunijulisha.

Niliuliza kwa nini mimi. Mama akanisogezea mkate. Akasema kampuni ya gesi haivumilii dereva mwenye ajali, hata ya gari la nyumbani, na mshahara wa kaka ndio unaolipa kodi ya nyumba. “Mwenzio ana cha kupoteza, mwanangu. Wewe bado hujaanza.”

Baba aliangalia upande wa dirisha, ingawa najua dirisha halioni.

Kaka akanipiga bega, akasema watu wakisikia Kifaranga kagonga nguzo hakuna atakayeshangaa, kwa hiyo hata si uongo mkubwa. Mama akacheka kidogo. Nami nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilicheka nao.

Nitamlipa. Sijui vipi. Lakini nimeandika, na nikiandika kitu huwa nakifanya.

Jumatano, 20 Machi

Nimemwomba meneja arudie ile hesabu. Ameniangalia kupitia juu ya miwani. Taarifa ya ajali imeshaingia, jina langu limewekewa alama. Ada imekuwa zaidi ya maradufu. Hata nikiacha kula kabisa.

Alisema pole. Nikarudi kaunta. Kama ningesema si mimi, angeuliza ni nani, na jioni ningerudi kulala nyumba moja nao.

Jumamosi, 23 Machi

Mama Breki amesikia. Alisimamisha gari pembeni kabla hata sijafunga mkanda vizuri.

“Umegonga kwa rivasi?”

Nikasema ndiyo.

“Rivasi sijakufundisha. Uligonga kwa rivasi ya nani?”

Niliangalia mikono yangu. Hakuendelea kuuliza. Akasema tu kwamba leo basi tutaanza rivasi, ili nikisingiziwa tena angalau niwe naijua. Tumerudi nyuma na kwenda mbele uwanjani mpaka shingo ikauma. Sikuzima injini. Kumbe hasira inasaidia mguu wa klachi.

Jumatatu, 25 Machi

Nimeweka chumvi kwenye chai ya kaka. Ameinywa yote, akasema mama anazeeka.

Jumatano, 27 Machi

Nafikiria kulipa kisasi kama watu wengine wanavyofikiria chakula. Nimefikiria kuwapigia simu kampuni ya gesi na kubana pua. Nimefikiria kumwambia mchumba wake anavyokoroma. Leo nilisimama karibu na simu ya ofisi muda mrefu, hadi mwenzangu wa kaunta akaniuliza kama nasubiri habari ya msiba.

Sina moyo wa kufanya. Nina moyo wa kutamani tu.

Jumapili, 31 Machi

Gari liko uani tangu ile siku. Kampuni ya bima imesema lisiguswe mpaka mkaguzi wa hasara afike, na mkaguzi amechelewa kwa sababu mafuriko yameharibu magari mengi upande wa chini wa mji. Hiyo ndiyo kanuni. Mimi mwenyewe huwaambia wateja kila siku.

Leo mvua ilikatika kidogo, nikatoka kuanika nguo. Nikachungulia dirishani mwa gari. Sikuwa natafuta kitu. Nilitaka kuona gari lililokuwa liwe langu.

Kiti cha dereva kimesukumwa nyuma mpaka mwisho. Mgongo wake umelala. Mtu wa kimo changu akikaa pale, klachi ataisikia kwa jina tu.

Nilisimama na nguo mabegani mpaka mvua ikarudi, zikalowa tena. Mama amenigombeza. Sikujali. Sijagusa hata kitasa.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 6 Aprili

Kaka alitoka na ufunguo, anataka miwani yake ya jua iliyobaki garini. Nilimwahi uani. Nikamwambia gari haliguswi. Mkaguzi akikuta limefunguliwa anaweza kulikataa dai zima, na nguzo ya mwenye duka la dawa atailipa yeye.

Akaniangalia kutoka kule juu kwake, akacheka. “Haya, karani wa watu. Tunza gari lako.”

Akarudi ndani. Nilibaki pale nimeshika mwavuli. Alikuwa mkono mmoja tu kutoka kwenye kile kiti, na mimi ndiye niliyemzuia, kwa kanuni, kwa adabu, kwa sauti ileile ninayowasemeshea wateja. Sijawahi kuipenda kazi yangu kama leo.

Jumatano, 10 Aprili

Somo zuri. Mama Breki hakukanyaga breki yake hata mara moja. Alisema mguu wake umeona njaa kwa kukosa kazi.

Kaka ananiletea mkate kila jioni. Mama kamwambia anifanyie wema. Jana alisema mambo haya yakipita atanifundisha mwenyewe kuendesha mvuani. Nilimshukuru. Kwa muda mfupi nilimwona kama alivyokuwa zamani, alipokuwa ananibeba mabegani nishike taa ya sebuleni. Nikaenda kuchungulia kile kiti tena, nikarudiwa na akili zangu.

Jumatatu, 15 Aprili

Mkaguzi anakuja kesho. Mama amenielekeza cha kusema: mvua, kioo kilikuwa na ukungu, niliogopa. Kaka amenisikiliza nikirudia. Amesema sehemu ya kuogopa naisema vizuri sana.

Jumanne, 16 Aprili

Nimeomba ruhusa ya nusu siku ili niandike haya nikiwa peke yangu.

Mkaguzi alikuja asubuhi, mwembamba, ana mafua, anamung'unya pipi ya mnanaa. Kaka alitoka naye uani na mwavuli mkubwa, akamfunika yeye vizuri na mimi nikanyeshewa. Mama alisimama mlangoni. Baba alikuwa ndani, lakini aliomba dirisha lifunguliwe.

Mkaguzi alizunguka gari, akapapasa buti, akapiga picha. Kaka alikuwa anamweleza kila kitu: nilivyoshtuka, nilivyokanyaga mafuta badala ya breki, alivyojaribu kuniwahi. Alieleza vizuri mno, hadi nikajiona kabisa nikigonga. Mkaguzi aliitikia kwa kichwa tu. Halafu akanigeukia mimi, akasema kwa upole niingie, nikae kama nilivyokuwa nimekaa siku ile.

Nikafungua mlango. Nikaingia. Nikakaa.

Miguu yangu ilining'inia. Klachi ilikuwa kule mbali, kama kitu kwenye duka lililofungwa. Nilishika usukani kwa ncha za vidole, na kwenye kioo cha kati niliona dari ya gari tu. Maji ya mvua yalikuwa yananitiririka shingoni. Wenzo wa kuvutia kiti uko pale chini, karibu na kisigino. Ningeinama tu.

Sikuinama.

Mvua iligonga bati la gari. Nilimwona kaka akiangalia miguu yangu. Nikaiona sura yake ikielewa. Siku zote za chumvi na simu na kubana pua, hii ndiyo niliyokuwa naitaka, ile sekunde ambayo uso wake ungeacha kucheka. Niliiangalia yote. Sikupepesa.

“Vuta kiti, Kifaranga,” akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Vuta kiti mbele, unamchelewesha mzee.”

Mkaguzi akaitoa pipi mdomoni. “Asivute,” akasema. “Bibie, siku ile ulikuwa umekaa hivi?”

Mama aliniita kutoka mlangoni. Aliniita jina langu lote, ambalo halitumii.

Nilikuwa naogopa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Lakini niligundua kwamba naweza kuogopa na kusema kwa wakati mmoja.

Nikamjibu, “Siku ile sikuwa nimekaa humu.”

Alhamisi, 25 Aprili

Dai limekataliwa. Alama imeondolewa kwenye jina langu, imewekwa kwenye jina la kaka, na karibu yake wameandika kwamba alitoa taarifa ya uongo. Nguzo ya duka la dawa atailipa yeye. Meneja amenipa habari hiyo kwa kunong'ona, halafu akaniuliza kama nyumbani ni salama. Nikasema ni kimya.

Ni kimya kweli. Mama ananipakulia chakula na kuondoka. Baba peke yake ndiye anayenisemesha. Jana aliniomba nimsogezee redio, na nilipomsogezea akanishika mkono, akaushikilia. Sijui alikuwa ananipongeza au ananisikitikia.

Jumatatu, 29 Aprili

Kampuni ya gesi nayo inakata bima ya malori yake kwa kampuni ile ile ya bima. Watu wa bima wamesema hawamkubali tena kaka nyuma ya usukani. Kampuni ya gesi haikumfukuza, imemshusha kwenye lori na kumweka ghalani, anapakia mitungi. Mshahara wa mpakiaji.

Baada ya kazi sikupita njia yangu. Nimezunguka hadi mtaa wa ghala. Alikuwa kwenye mstari wa wanaume, wanapokezana mitungi, na kwa urefu wake ilimbidi ainame kila mara kuupokea kutoka kwa mwenzake mfupi. Shati limemganda mgongoni. Nilisimama ng'ambo chini ya mwavuli nikimtazama. Kisha nikaenda hadi mwisho wa mtaa, nikageuka, nikapita tena.

Nilidhani ningetosheka.

Jumatano, 8 Mei

Nimefaulu mtihani wa udereva. Mama Breki alinikumbatia mpaka miwani yake ikapinda. Akasema sasa naendesha kama mtu anayeidai barabara kitu, na hilo nalo nilipunguze.

Nyumbani nilimwambia baba. Mama alikuwa jikoni, alisikia. Sufuria zilinyamaza, halafu zikaendelea.

Jumanne, 14 Mei

Fundi amenyoosha buti. Inafunga ukiipiga.

Jumapili, 19 Mei

Mama amenisemesha. Alikuja chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kukunja nguo zangu zilizokuwa zimeshakunjwa.

Kaka ameuliza kwa watu wa bima. Wamemwambia kuna njia moja ya kurudi kwenye usukani: aandikwe kama dereva wa pili kwenye bima ya mtu mwingine, amalize mwaka bila tukio, ndipo watamfikiria upya. Hana rafiki mwenye gari. Mchumba wake ameacha kupokea simu. Kuna gari moja tu.

“Alikukosea, sikatai,” mama akasema. “Na mimi nilikukosea. Lakini mitungi itamvunja mgongo, mwanangu. Mwandike mwenzio.”

Nilisema nitafikiria. Alipotoka nilizikunjua zile nguo zote.

Jumatatu, 20 Mei

Kaka alikuja ofisini saa ya chakula cha mchana. Alichukua nafasi kwenye foleni kama mteja yeyote, hadi akafika mbele ya kioo changu. Inabidi ainame ili asikike kwenye kile kitundu.

Hakuniita Kifaranga. Aliniita dada, na mimi ndiye mdogo. Alisema anajua leo ndiyo siku ninayokata bima, na anaomba nimwandike. Mikono yake ilikuwa imeota sugu mpya, nyekundu nyekundu. Nilimwomba akae kwenye viti vya wateja, nikamwambia nitamhudumia. Akakaa. Magoti yake yalifika kifuani, viti vile ni vya watu wa kawaida.

Nikaenda meza ya meneja. Meza yenyewe iko wazi, kila kinachosemwa pale kinasikika kwenye viti. Nilimuuliza kwa sauti ya chini dereva wa pili mwenye alama atapandisha ada kiasi gani. Akapiga hesabu. Nilikuwa namwomba Mungu iwe kubwa, inishinde, ili niweze kugeuka na kumwambia kaka kwamba ningetaka lakini siwezi.

Ilipanda kidogo tu. Naweza kuilipa.

Meneja akaendelea kujaza kwenye kompyuta, akinisomea: jina, leseni, gari, sehemu ya hasara nitakayobeba. Kisha akauliza, kwa sauti yake ya kawaida, “Dereva mwingine?”

Nilisikia kiti kikilia nyuma yangu.

“Hakuna,” nikasema.

Nilipogeuka, kaka alikuwa ameshafika mlangoni, ameinama kuupita.

Ijumaa, 24 Mei

Bima imetoka. Nafasi ya karani wa nje nimepewa. Wenzangu wa kaunta wamenipigia makofi.

Jumatano, 29 Mei

Siku ya kwanza ya kazi ya nje ni kesho, kwa hiyo leo baada ya kazi nilichukua gari kujizoesha. Mama alikuwa na miadi ya daktari wa meno, akapanda bila kusema asante wala kusema hapana. Mvua za mwisho hizi zinakuja kwa hasira. Nilisogeza kiti, nikaweka kioo sawa, nikaondoka polepole. Mama alishikilia mkanda kwa mikono miwili.

Tulipofika karibu na ghala la gesi, wafanyakazi walikuwa wanatoka. Kaka alisimama kituoni, kichwa juu ya wengine wote, hana mwavuli, shati limemganda. Aliliona gari. Hakupunga. Alilitazama tu likija.

“Si kaka yako yule?” mama akasema.

Nikasema ndiye.

Mama aligeuza shingo kumtazama. Mbele ya kituo maji yalikuwa yamejaa barabarani. Nikapunguza mwendo ili nisimrushie, nikampita, nikaingiza gia ya tatu.